Asidi juu, klorini chini

JICHO LA MTAANI
Na Mwanaidi Salehe

Juzi niliingia duka moja la malighafi za sabuni, Kariakoo, kumnunulia shangazi gliserini. Shelfu ya juu ilijaa madumu ya asidi ya kusafishia masinki ya choo, moja halina kifuniko, limezibwa kwa nailoni na mpira. Chini yake ndoo ya klorini ya unga, wazi, kijiko kimechomekwa ndani.

Nikamuuliza muuzaji kwa nini kavipanga vile.

"Dada, hivi ndivyo vinavyotoka sana. Naviweka karibu na mkono."

Asidi ile ikidondokea klorini hutoka gesi, ile ile iliyoua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini, na chini ndiko walikoketi wachuuzi na watoto wao.

Aliyesoma kemia hajasahau kabati la maabara. Sodiamu imezamishwa kwenye mafuta ya taa, maana ikigusa maji hulipuka. Fosforasi nyeupe imezamishwa kwenye maji, maana ikipata hewa huwaka. Mwalimu makini hakupanga chupa kwa ukubwa wala kwa alfabeti, alizitenganisha zinazogombana.

Tangu 2003 tuna Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mkaguzi akija, namwomba aanzie kwenye shelfu, cheti cha ukutani kitamsubiri.

Lakini ukaguzi peke yake hautoshi. Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu liliungua mbele ya macho yetu. Mzimamoto anayepanda ghorofa la Kariakoo leo atajuaje kama nyuma ya mlango kuna vitenge au kuna klorini, ambayo ikipata joto hutoa oksijeni na kuuchochea moto? Halmashauri ya Jiji iwatafutie wafanyabiashara hawa ghala la pamoja mbali na makazi, dukani ibaki bidhaa ya siku hiyo tu. Bei ya sabuni itaguswa, najua, na kina mama wanaopika sabuni majumbani wataumia kidogo. Bado nasema iwe hivyo.

Yule kijana alinisikiliza vizuri. Akalibeba dumu, akazunguka nalo. Duka lenyewe hatua tatu kwa mbili, kila upande umejaa. Mwisho akalitoa nje, akaliweka chini ya ngazi wanayoteremkia watoto wa wapangaji wa juu.