Mazoezi ya Viungo Yahitaji Lugha, Si Macho Tu

Wakati umewadia kwa walimu wa Kiswahili na walimu wa michezo kuketi meza moja. Nasema hivi si kwa sababu ya nadharia yoyote ya isimu, bali kwa sababu ya mgongo wangu.

Shule na vyuo vilipofungwa mwezi Machi mwaka wa 2020 kwa ajili ya korona, nilibaki nyumbani Kitale nikiwafundisha kwa kompyuta wanafunzi niliozoea kuwafuata Bungoma. Baada ya miezi miwili ya kukaa kitini mgongo ulinigomea. Binti yangu akanitafutia video ya mazoezi ya kuimarisha misuli, ya dakika 30, iliyotengenezwa Marekani. Nikatandika mkeka sebuleni, nikaanza kumfuata mwalimu asiyeniona.

Video za namna hiyo si jambo geni. Tangu Jane Fonda atoe kanda yake ya kwanza mwaka wa 1982, watu wengi mno wamefanya mazoezi mbele ya runinga zao, na mbinu ni ile ile: kuiga. Mwalimu akichuchumaa, nawe wachuchumaa. Akijiinua juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, nawe wafanya vivyo hivyo. Niliyaona yote, nikayaiga yote. Wiki ya tatu nilishindwa kuinuka mkekani.

Mtaalamu wa viungo niliyemwendea Bungoma, kijana wa umri wa wanafunzi wangu, aliniamuru nilale chali, nikunje magoti, kisha niweke vidole ndani kidogo ya mifupa ya nyonga.

"Kohoa, mwalimu," akasema.

Nikakohoa.

"Umehisi kitu kikikaza chini ya vidole? Hicho ndicho ulichokuwa hukitumii. Mgongo uliachiwa kazi yote."

Kumbe yule mwalimu wa video alikuwa akikitaja kila dakika! Neno la Kiingereza alilolitumia, kwa maana yake ya kawaida, ni kile kiini cha tufaha kinachotupwa. Nina shahada ya uzamifu katika isimu. Neno nililifahamu barabara, ila sikujua linakaa wapi mwilini mwangu. Jicho huona mkono ukiinuka na goti likikunjwa. Haliwezi kuona msuli wa ndani ukikaza, na hapo ndipo lugha inapohitajika.

Je, Kiswahili hakina la kusema? Kinalo, tena kwa ufasaha zaidi. Sehemu ya mwili isiyohesabu kichwa, mikono na miguu huitwa kiwiliwili. Humo mna misuli inayolizunguka tumbo kama mshipi, misuli inayoushikilia uti wa mgongo, kiwambo kwa juu na misuli ya nyonga kwa chini. Na kitendo chenyewe cha kuikaza? Wanawake wa pwani hujifunga kibwebwe kiunoni kabla ya ngoma au kazi nzito, na mama aliyejifungua hufungwa mkaja. Mwanafunzi akiambiwa kiwiliwili chake kijifunge kibwebwe kwa ndani, hahitaji tafsiri. (Hata ngoma ya kamabeka ya Wabukusu imepewa jina la mabega yanayotikiswa; ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, undugu wake wajionyesha wenyewe.)

Lakini nani atamwambia? Kipindi cha mazoezi ya viungo kimekuwa kwenye ratiba za shule zetu kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo hiyo kimekuwa kikiibwa. Nilipokuwa mwanafunzi kiliibwa na Hisabati. Nilipokwenda kuwakagua walimu wanagenzi nilikikuta kimeibwa na Kemia. Kinapoponea, aghalabu wanafunzi hutupiwa mpira na mwalimu akaketi kivulini. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka wa 2017 umekipa somo hilo heshima kwenye karatasi. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na watu wazima waimarishe misuli angalau siku 2 kwa wiki. Walimu nasi tumo katika hesabu hiyo.

Wapo watakaodai kwamba mtoto wa Trans Nzoia au Bungoma anayelima mahindi na kuteka maji hana haja ya kufundishwa kujinyoosha. Dai hilo lina mantiki kinyume. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 za maji, na anayeuinua kila jioni ndiye hasa anayestahili kujua ni msuli upi ukaze kabla mgongo haujapinda. Sembuse yule wa bweni, anayeketi dawatini tangu alfajiri hadi usiku!

Majuzi niliwaomba wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza waguse nyonga. Wengi waligusa kiuno, na mmoja akagusa ubavu. Hawa ni walimu wa Kiswahili wa kesho. Muhula ujao nitaanza somo la msamiati wa mwili kwa kuwataka wote wakohoe.

Video ile bado naifuata, siku 3 kwa wiki, ila sauti nimeizima. Binti yangu ndiye anayenitolea maagizo kwa Kiswahili, na akifika penye kibwebwe hupaza sauti hadi majirani wakasikia.