Nyota Zetu Ziandikwe na Majina Yake

Mabaharia wa mwambao waliita upande wa kaskazini Jaa, na upande wa kusini Suheli. Yote mawili ni majina ya nyota. Suheli ndiyo Wazungu waiitayo Canopus, nasi twaiona vyema. Lakini Jaa, nyota ya ncha ya kaskazini, haionekani Mombasa hata mbingu ziwe safi namna gani, kwani mji huu uko nyuzi 4 kusini ya ikweta na nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Jina lake tumeachiwa na manahodha waliovuka ikweta kuelekea Arabuni, wakaiona ikipanda kila jahazi lilipozidi kwenda mbele.

Nayataja haya kwa sababu siku hizi vijana wetu wana programu za kompyuta zinazochora mbingu. Mojawapo ni Stellarium, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabien Chéreau, nayo hutolewa bure. Iambie uko Lamu, usiku wa leo au wa miaka mia tano iliyopita, itakuonyesha kila nyota mahali pake. Wasilolijua wengi ni kwamba chombo hiki hakitoi tu, hupokea pia. Ndani yake mna mbingu za Wachina, za Wamaori, za Watswana na za Waarabu, kila moja kwa majina yake. Kila mbingu ni mkoba wa mafaili ya maandishi, na nyota hutajwa humo kwa nambari yake katika orodha ya Hipparcos iliyotolewa mwaka 1997. Suheli ni 30438. Mtu yeyote aweza kutengeneza mkoba wake, akaandika jina mbele ya nambari hiyo, na jina likatokea kwenye kioo.

Mimi nasema na tuandike. Ila jina tupu halitoshi. Tazameni Aldebaran: ni neno la Kiarabu, al-Dabaran, yaani mfuasi, kwa kuwa nyota hiyo hufuata nyuma ya Kilimia. Jina lilikwenda Ulaya likarudi kwetu kwenye kompyuta, na sababu yake ikaachwa njiani! Kwa hiyo kila jina liwe na maelezo: limesikiwa wapi, mwaka gani, kwa baharia au kwa mkulima, na lilitumiwa kwa kazi gani. Programu nyingine, KStars, ina mahali pa kuandika kumbukumbu zako kwa kila nyota. Na lililonakiliwa kitabuni kwa Ahmad ibn Majid lisisemwe kuwa limesikiwa Pate. Huo utakuwa uongo, hata ukifanywa kwa mapenzi ya kwao.

Najua wako watakaouliza faida, maadamu meli za leo huongozwa na mitambo. Basi wachukue methali yetu ya Kilimia, kwamba kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wasogeze tarehe kwenye kioo hadi Mei, wakione kikipotelea kwenye mwanga wa magharibi. Kisha waende Juni, wakione kikichomoza mashariki kabla ya jua. Waliotunga methali ile walikuwa wakipima masika, wala hawakuwa wakicheza na maneno.

Miji ikihitilafiana, Lamu wakisema hivi na Vanga vile, yaandikwe yote mawili, kila moja na mji wake. Mafaili yawekwe katika mkoba wa mtumiaji mwenyewe, si ule wa programu, yasije yakafutika toleo jipya liingiapo. Na nakala ya karatasi ibaki nyumbani.

Waliosafiri kwa tanga hadi Ghuba sasa ni wazee sana. Suheli hukaa juu mapema usiku mwezi wa Februari, pepo za kaskazi zikivuma na mbingu zikiwa safi. Kijana mwenye kompyuta na aketi barazani na mzee wake wakati huo, amwache aonyeshe kwa kidole, naye aandike.