Acheni Kumaliza Kodi Mapema

Katika vyuo vya uhasibu vya Nairobi, Nakuru, Mombasa na Eldoret kuna imani ambayo wanafunzi hurithishana na walimu wengi huibariki: mtu makini humaliza masomo yake yote mapema, halafu akabakiwa na miezi mitupu ya kudurusu kabla ya mtihani. Anayeonekana bado anaingia darasani wiki chache kabla ya kikao huhesabiwa mzembe. Nasema imani hii ni potovu. Kwa masomo ya mwisho ya CPA, inawapotezea vijana karo, inawapotezea vikao, na wengine inawatoa kabisa katika taaluma.

Sipingi bidii wala kudurusu. Ninachopinga ni kuyapanga masomo yote kana kwamba yana umri mmoja. Chukua usimamizi wa fedha. Ukiusoma ukaumaliza Machi na mtihani ukaufanya Desemba, hutakuwa umepoteza kitu ila wepesi wa mkono, na wepesi hurudi kwa mazoezi ya wiki chache. Shilingi milioni moja utakayolipwa baada ya miaka mitatu, ukiipunguza kwa 10% kila mwaka, thamani yake leo ni 751,315. Ilikuwa hivyo miaka hamsini iliyopita na itakuwa hivyo mwakani, Bunge lipitishe lipitishalo. Uhasibu wa gharama nao uko hivyo, na takwimu pia.

Kodi haiko hivyo hata kidogo. Kodi huchacha.

Mfikirie mtahiniwa aliyesoma kodi mwanzoni mwa 2023 ili, kama wasemavyo, aiondoe njiani. Tarehe 1 Julai mwaka huo Sheria ya Fedha ya 2023 ikaanza kazi. Kodi ya mishahara, PAYE, ikapata ngazi mbili mpya juu, ya 32.5% na ya 35%. Kodi ya mauzo kwa biashara ndogo ikapanda kutoka 1% hadi 3%. VAT ya mafuta ikatoka 8% hadi 16%. Ushuru wa nyumba wa 1.5% ukaingia kwenye hati za mishahara. Tangu Januari 2024, mfanyabiashara asiye na ankara ya kielektroniki ya eTIMS akaanza kukataliwa gharama zake katika hesabu ya kodi.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema ushuru wa nyumba unakiuka Katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuuruhusu uendelee wakati rufaa ikisubiriwa. Machi ikaja sheria mpya ya nyumba za bei nafuu na makato yakarudi. Juni vijana wakajaa barabarani na Mswada wa Fedha wa 2024 ukaondolewa. Tarehe 31 Julai Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha Sheria nzima ya Fedha ya 2023. Agosti, mwezi wenyewe wa kikao cha KASNEB, bodi inayotahini CPA, Mahakama ya Juu ikasimamisha hukumu hiyo, na Oktoba ikaitengua. Oktoba hiyohiyo makato mapya ya bima ya afya, SHIF ya 2.75%, yakachukua nafasi ya NHIF. Halafu, tarehe 27 Desemba 2024, sheria ya marekebisho ya kodi ikabadilisha hata namna ya kukokotoa PAYE ya mfanyakazi wa kawaida.

Aliyemaliza kodi mapema alikuwa amejifunza nchi nyingine.

Hapa hunijibu watetezi wa kumaliza mapema: karatasi ya mtihani huja na viwango vya kodi kwenye ukurasa wake wa kwanza, na huutaja mwaka wa mapato, kwa hiyo wasiwasi wa nini? Ni kweli kwamba viwango huandikwa. Lakini kiwango ndicho kitu chepesi kuliko vyote katika somo hili, na hakuna anayeanguka kodi kwa kutojua kwamba VAT ni 16%. Watu huanguka kwa kutojua kitu kinaingia wapi katika hesabu, na hilo ukurasa wa kwanza haukufundishi.

Tuseme mfanyakazi analipwa 100,000 kwa mwezi, na anakatwa ushuru wa nyumba 1,500. Kabla ya mabadiliko ya Desemba 2024, kodi yake ilikokotolewa kwanza, kisha akapewa nafuu ya 15% ya alichokatwa, yaani 225, ikatolewa kwenye kodi yenyewe. Baada ya mabadiliko, nafuu hiyo haipo tena, na ile 1,500 hutolewa kwenye mshahara kabla kodi haijaguswa. Kwa kuwa shilingi zake za mwisho ziko katika ngazi ya 30%, anaokoa 450. Mtu ni yuleyule na mshahara ni uleule, lakini mistari ya jibu imebadilishana nafasi. Mtahiniwa aliyezoea mpangilio wa zamani ataandika jibu lililopangika vizuri na likawa si sahihi tangu mstari wa tatu, na ataendelea kulibeba kosa hilo hadi mwisho wa swali bila kulihisi. Kudurusu daftari lake la zamani hakutamwokoa. Kila akilirudia ndivyo anavyozidi kulikaza kosa.

Ndiyo maana neno kudurusu lenyewe linawadanganya vijana katika somo hili. Kudurusu kunamaanisha kurudia ulichokwisha kujua. Katika kodi, wiki za mwisho ni za kujifunza jambo jipya, mwalimu akiwa mbele yako, na sheria ya mwaka inayotajwa kwenye mtihani ikiwa mkononi.

Si Kenya peke yake. Tanzania, ambako bodi ya wahasibu, NBAA, huwa na vikao vya Mei na Novemba, Sheria ya Fedha nayo huanza kazi 1 Julai, katikati ya vikao hivyo viwili. Julai 2021 ngazi ya chini ya PAYE ilishuka kutoka 9% hadi 8%, na Julai 2023 tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ikashuka kutoka 4% hadi 3.5%. Aliyeanguka Mei akarudi Novemba na daftari lilelile anajiamini bure. ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, nao, kwa karatasi zao za kodi ya huko, huhesabu mwaka wa mtihani kuanzia Juni hadi Machi: ukianguka Machi, kikao kinachofuata kinakukuta na Sheria ya Fedha nyingine. Tena katika ngazi yao ya mwisho wameweka miaka saba ya kumaliza. Bodi za Marekani huweka muda wa kuisha kwa kila karatasi uliyofaulu. Majimbo mengi yaliuongeza hivi karibuni kutoka miezi 18 hadi 30, lakini hayakuuondoa. Bodi zenyewe zinajua kwamba maarifa haya yana muda wake. Wasioliona hilo ni wapangaji wa ratiba za vyuo.

Kuhusu masomo mengine nitasema machache. Utoaji wa taarifa za fedha huzeeka pia, ila kwa hatua na kwa taarifa. Kiwango kipya cha IFRS 18 kilitolewa Aprili 2024 kwa ajili ya miaka ya fedha inayoanza 1 Januari 2027 au baadaye, kichukue nafasi ya IAS 1. Mtu alipewa miaka kadhaa ya kujipanga. Ukaguzi wa hesabu husogea polepole zaidi. Somo hilo lina siri nyingine kabisa, nayo ni kazi.

Kampuni nyingi hufunga hesabu 31 Desemba. Kuanzia Januari hadi Aprili makarani wa ukaguzi hawalali: wanahesabu bohari, wanasubiri barua za benki, wanalinganisha wadai na wadaiwa. Ndio haohao wanaoshauriwa wafanye karatasi ya ukaguzi Aprili, ati waimalize mapema. Wanaingia chumba cha mtihani wakiwa wamechoka, na wanapoulizwa wangepata wapi ushahidi wa kuwepo kwa bidhaa, wanaandika kilichomo kitabuni, ilhali miezi michache iliyopita walisimama ndani ya bohari lenyewe. Waache Aprili ipite. Mei na Juni waisome nadharia huku vumbi la bohari bado limo kwenye viatu vyao, kisha Agosti waifanye karatasi. Kila ukurasa wa kitabu watakuwa na mteja halisi wa kuuwekea.

Kodi nayo ina msimu wake wa kazi. Marejesho ya watu binafsi hufungwa 30 Juni, na ya kampuni zilizofunga hesabu Desemba yanatakiwa siku hiyohiyo. Karani anayekesha kwenye mfumo wa iTax Juni nzima akijaza marejesho ya wateja anajifunza kodi kuliko mwanafunzi aliyejifungia na daftari. Karatasi yake ya kodi na iwe Agosti au Desemba. Aprili aifanye ile ya usimamizi wa fedha au ya uhasibu wa gharama, ambayo aliisoma zamani na haijabadilika. KASNEB, tangu iongeze vikao kutoka viwili hadi vitatu, imetupa nafasi ya kufanya hivi. Tumeitumia nafasi hiyo kubebesha watu karatasi nyingi zaidi kwa mwaka, badala ya kuipa kila karatasi wakati wake.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo yote. Imani ya miezi mitupu ni imani ya mwenye kulipiwa. Mtoto ambaye mzazi anagharamia chumba, chakula na karo anaweza kumaliza masomo Februari na kukaa nyumbani hadi Aprili. Lakini wengi wanaofanya CPA katika nchi hii si hao. Ni karani wa Sacco huko Kisii, ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi Likoni, ni mama anayetunza vitabu vya shule ya msingi asubuhi na kuingia darasa la jioni akiwa hajala. Hao hawana miezi mitupu na hawatakuja kuwa nayo. Tukiwaambia kwamba kujiandaa kwa kweli ni kukaa bila shughuli kwa miezi miwili, tunawaambia kwamba mtihani huu si wao. Wengine wanatuamini. Wanaahirisha kikao kimoja wakingoja utulivu, kisha cha pili, na utulivu hauji kwa sababu maisha yao hayana sehemu hiyo. Nimewafundisha watu hawa. Uwezo wanao. Kinachowakwamisha ni ratiba iliyochorwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Na mara nyingi ratiba hiyo ina faida kwa aliyeichora. Chuo kinachomaliza silabasi wiki nyingi kabla ya mtihani hupata nafasi ya kuuza darasa la pili, la kudurusu, kwa malipo ya pili. Mwalimu aliyefunga kodi mwishoni mwa Mei kwa ajili ya kikao cha Agosti hatakiwi kuandaa lolote kuhusu yaliyotokea Julai. Anagawa maswali ya miaka iliyopita na majibu yake, na baadhi ya majibu hayo yamekufa. Mwanafunzi analipa mara mbili, na mara ya pili anauziwa kilichochacha.

Waajiri nao hawana budi kuguswa. Ofisi nyingi hutoa likizo ya masomo kwa mkupuo, wiki moja au mbili zinazoishia siku ya mtihani, kwa imani ileile kwamba kazi yote hufanyika mwishoni. Siku hizohizo zikigawanywa ziwe alasiri mojamoja kila wiki tangu mwanzo wa muhula, karani atafika kila kipindi cha kodi akiwa macho, na ofisi itapata mtu anayeijua sheria ya mwaka huu kabla hata matokeo hayajatoka. Ofisi haiongezi hata saa moja juu ya zile inazozitoa sasa.

Kwa hiyo, unayepanga karatasi zako za mwisho, yatangulize yale yasiyobadilika. Kodi iache mwisho kabisa, na uisome ukiwa bado una mwalimu, hadi wiki ya mtihani. Usione haya kuonekana darasani Julai wakati wenzako wamefunga vitabu. Na kabla hujalipa karo popote, nenda kwenye dawati la usajili uulize mambo matatu: kipindi cha mwisho cha kodi kitakuwa tarehe gani, vipindi vingapi vitakuja baada ya 1 Julai, na nani atakayeifundisha Sheria ya Fedha ya mwaka huu ikiwa itapita, au atakayeeleza kilichobaki ikiwa itaondolewa. Wakikujibu kwamba mtakuwa mmeshamaliza wakati huo, rudisha pesa zako mfukoni.