Mwizi Anayebisha Hodi

Mama mwenzangu, mwezi uliopita jirani yangu mmoja alinijia usiku, khanga kichwani, akaomba tuzungumze nje, mbali na watoto. Yeye ndiye mweka hazina wa kikoba chetu. Alikuwa amepoteza shilingi 380,000, na fedha hizo hazikuwa zake.

Siku ile alikuwa amemwahidi mwanachama mmoja kumtumia mkopo wake kabla ya saa kumi jioni. Mchana ujumbe ukaingia katika simu: ile hela tuma kwenye namba hii, laini yangu nyingine ina matatizo. Hakupiga simu kuuliza. Alipoandika namba na kiasi, jina la mpokeaji lilitokea kwenye kioo, tena jina la mwanaume, lakini mtoto alikuwa analia na maharage yanaungua jikoni. Akaweka namba ya siri. Jioni mwenye mkopo akapiga kuuliza kulikoni.

"Alijuaje kwamba nina hela ya kutuma?" jirani yangu aliniuliza. Ukweli ni kwamba hakujua. Ujumbe ule hutumwa kwa watu wengi bila kuwachagua. Kila siku yupo anayetaka kulipa kodi ya nyumba, ada ya shule au mchango wa msiba. Kwa wengi ujumbe huo ni upuuzi, ila kwa mmoja au wawili hufika saa ileile wanapoishika simu. Mwizi huyu havunji mlango. Hubisha hodi, nasi tukamkaribisha.

Usidhani ni sisi wa vikoba tu. Februari 2016 wezi waliingia katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, wakatoa maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka katika akaunti yake iliyoko New York. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofunguliwa Marekani mwaka 2018, mwanzo wake ulikuwa barua pepe za mtu aliyejifanya anaomba kazi, na wafanyakazi wakafungua. Dola milioni 20 nyingine, zilizopelekwa Sri Lanka, ziliokolewa kwa sababu jina la mpokeaji lilikuwa limeandikwa kwa makosa, na mtu mmoja katika benki nyingine alilisoma na kushtuka. Kusoma jina tu! Jirani yangu naye aliletewa jina mbele ya macho yake.

Basi, jina likitokea, lisome mpaka mwisho kabla ya kuweka namba ya siri. Mtu akikuambia amebadili namba, mpigie kwa ile ya zamani umsikie sauti. Wewe mwenye duka, muuzaji wa jumla akikuandikia kwamba akaunti yake imebadilika, fanya hivyohivyo. Ataudhika kidogo, lakini hasara atakayokuepusha nayo ni kubwa kuliko maudhi yake.

Wapo pia wanaoteka WhatsApp. Utapokea tarakimu sita, kisha mtu, mara nyingi kwa jina la rafiki yako ambaye naye ameshatekwa, atakuomba umsomee, eti zimekuja kwako kwa bahati mbaya. Hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimpa, atawaandikia wanakwaya wenzako wote kwamba unaumwa na unaomba msaada. Ingia katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitisho wa hatua mbili, ili mwenye tarakimu hizo asiweze kuingia bila namba nyingine unayoijua wewe. Na namba ya siri ya fedha isiwe mwaka aliozaliwa kifungua mimba wako. Sherehe yake ya kuzaliwa mtaa mzima tulikula keki.

Nirudi kwa jirani yangu, maana kilichonisikitisha zaidi ni alichofanya baadaye. Aliufuta ujumbe ule, akakaa kimya siku mbili akimwogopa mumewe. Angepiga simu kwa kampuni ya simu dakika ileile, huenda fedha zingezuiwa kabla mwizi hajazitoa. Angeutunza ujumbe, polisi wangekuwa na pa kuanzia, kwani tangu mwaka 2015 Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao. Na namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040, ambako Mamlaka ya Mawasiliano hupokea taarifa hizo.

Usiku ule nilimsindikiza hadi kwake. Mumewe alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Alipoambiwa alizima redio, akanyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kutafuta njia ya kuondoka.

"Mama watoto," alisema hatimaye, "unakumbuka ile elfu sitini ya mbolea mwaka jana, niliyokwambia imepotea kwenye basi?"

Haikupotea kwenye basi. Ilikwenda kwa namba ambayo jina lake naye hakulisoma.

Kesho yake wakaja wote wawili mbele ya kikoba, tukapanga watalipa kidogo kidogo kwa miezi minane. Siku hizi mweka hazina hatumi hela peke yake. Mwanachama mwingine hukaa kando yake na kusoma jina kwa sauti.