Tunawaambia Wagonjwa Wacheze Mpira. Tuwaandikie na Sheria

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika maneno mawili yaleyale kwenye kadi za wagonjwa wangu wa shinikizo la juu la damu: "fanya mazoezi". Ni ushauri sahihi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Lakini ushauri huo ukishavuka mlango wa kliniki hapa Dar es Salaam, kwa wanaume wengi huwa na tafsiri moja tu: mpira wa Jumapili asubuhi.

Mmoja wa wagonjwa wangu, fundi seremala mwenye miaka 46, alinitii kuliko nilivyotarajia. Alijiunga na timu ya mtaani kwake inayocheza wachezaji saba kila upande. Jumapili ya tatu, kijana ambaye hakufikisha hata nusu ya umri wake alijitupa chini akateleza ili auwahi mpira, akaukosa, akaupata mguu. Mifupa yote miwili ya chini ya goti ilivunjika. Nilipomtembelea wodini nilimpa pole, naye akanijibu kwa upole ambao hadi leo unaniuma: "Dokta, uliniambia nicheze mpira. Hukuniambia nicheze na nani, wala kwa sheria zipi."

Ilimchukua miezi mitano kurudi kwenye meza yake ya useremala. Katika miezi hiyo shinikizo lake la damu lilipanda, kwa sababu hakuwa akitembea, na kwa sababu fedha ya dawa iligeuka nauli ya kwenda kubadilishiwa plasta. Mazoezi niliyomwandikia yalimrudisha nyuma ya pale alipoanzia.

Tangu siku ile nimekuwa na msimamo ambao baadhi ya wenzangu huuona kama mzaha. Karatasi ya sheria za ligi ndogo ya mtaani, ile inayoandikwa kwa kalamu na katibu wa timu chini ya mwembe, ni waraka wa afya. Sisi tunaowatuma wagonjwa uwanjani tunapaswa kuwa wameketi nasi pale inapoandikwa.

Msomaji asidhani kwamba napiga vita mpira wa watu wachache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, wakiongozwa na Peter Krustrup na Jens Bangsbo, wameuchunguza kwa muda mrefu kama tiba na kinga, nao wameonyesha kwamba wanaume wenye shinikizo la juu la damu wasio na mazoea ya mazoezi, wakicheza mara mbili au tatu kwa juma kwa miezi michache, shinikizo lao hushuka na mioyo yao huimarika. Lakini tafiti hizohizo zina jambo ambalo wachezaji wetu hawalijui. Uwanja ukiwa mdogo na wachezaji wakiwa wachache, mchezo hauwi mwepesi. Hakuna pa kujificha. Kila mmoja hugusa mpira mara nyingi, hugeuka, husimama ghafla na kukimbia tena, na moyo hupiga kwa takriban asilimia 80 ya kiwango chake cha juu kabisa. Mzee anayesema, "mimi sichezi uwanja mkubwa, nacheza huu mdogo tu," amechagua zoezi kali akidhani amechagua jepesi.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na kwangu sheria ya kwanza ni ya kubadilisha wachezaji. Katika mpira tunaoutazama kwenye televisheni, anayetoka harudi. Timu nyingi za mtaani zimeichukua kanuni hiyo bila kuitafakari. Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu: mtu wa miaka 50 anahisi kifua kimebana dakika ya 20, lakini anajua akiinua mkono amemaliza Jumapili yake, na wenzake watamtania hadi Jumapili nyingine. Basi anavumilia. Anajishika kiuno, anajifanya anafunga kamba za viatu, anaendelea. Kanuni imemfundisha kuficha dalili.

Mruhusu mchezaji atoke na kurudi mara nyingi apendavyo, bila kumwomba mwamuzi, na tabia yake yote itabadilika. Kutoka hakutakuwa kushindwa. Atatoka akiwa bado na pumzi, atakunywa maji, atakaa dakika tano, atasema "leo kifua si kizuri" kama vile mtu anavyosema jua ni kali. Wala si kanuni ya ajabu. Futsali, mchezo uliobuniwa na mwalimu Juan Carlos Ceriani mjini Montevideo mwaka 1930, una wachezaji watano kila upande nao hubadilishana mchezo ukiendelea. Hata Bodi ya Kimataifa ya Sheria za Soka, iliyoundwa mwaka 1886 na isiyosifika kwa wepesi wa kubadilika, inaruhusu vyama vya soka kurekebisha mambo kadhaa katika mpira wa vijana, maveterani, watu wenye ulemavu na wa ngazi ya chini: ukubwa wa uwanja, wa mpira na wa magoli, urefu wa mechi, mchezaji aliyetoka kurudi, na mkosaji kutolewa kwa muda. Mlango uko wazi. Sisi ndio hatuingii.

Sheria ya pili ni ile iliyomkosa fundi wangu: hakuna kujitupa chini na kuteleza kuufuata mpira ulio miguuni mwa mwenzako, hata kama umeupata mpira safi. Najua mabeki watanuna. Wataniambia kuwa kunyang'anya kwa kuteleza ni ufundi, nami nakubali kwamba ni ufundi, kwa mtu aliyefundishwa, kwenye nyasi nzuri, dhidi ya mtu mwenye miguu ya kuruka. Uwanja wa mchanga na kokoto wenye seremala wa miaka 46 si mahali pake. Adhabu yake iwe kukaa nje dakika mbili huku timu ikicheza pungufu. Kadi nyekundu huzaa ugomvi. Dakika mbili za kuketi humpoza aliyekosa na kumtosheleza aliyekosewa.

Kuhusu kichwa sitaki mjadala. Mchezaji aliyegongwa kichwa akaonekana ameduwaa, ameyumba, amesahau matokeo ya mechi au ametapika, atoke na asirudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Ubongo uliotikiswa ndio huohuo unaoulizwa kama uko sawa. Uamuzi usiwe wake wala wa nahodha wake. Akizidi kuumwa kichwa, akitapika tena na tena au akisinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitali mara moja, asiachwe "apumzike kwanza" nyumbani.

Sasa moyo. Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka uwanjani mjini Lyon akafariki akiwa na miaka 28. Alikuwa na ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Juni 12, 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka mjini Copenhagen. Akakandamizwa kifua na kushtuliwa moyo kwa mashine palepale, akaishi, na baadaye akarudi kucheza. Viwanja vyetu vya mtaani havina mashine hiyo, lakini mikono tunayo. Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, asiitike na asipumue kawaida, ichukuliwe kuwa moyo umesimama. Mitetemo ya viungo isiwadanganye mkadhani ni kifafa, wala mihemo ya kukoroma isiwadanganye mkadhani anapumua. Kifua kikandamizwe katikati, kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku wengine wakitafuta msaada. Kwa hiyo napendekeza kanuni inayoweza kuonekana ngumu: filimbi ya kwanza isipulizwe mpaka wawepo watu wawili wanaojua kukandamiza kifua, na gari moja limeegeshwa likitazama barabarani, ufunguo wake ukijulikana uko kwa nani. Kuwafundisha watu wawili ni kazi ya asubuhi moja. Muuguzi yeyote anayesoma hapa anaiweza.

Mengine yanajulikana, nayataja kwa haraka. Pete, mikufu na saa vivuliwe, si kufunikwa kwa plasta ya kubandika. Vikinga ugoko vivaliwe. Magoli ya chuma ya kuhamishika yafungwe ardhini, kwa maana goli likimwangukia mtoto anayening'inia huua. Radi ikisikika watu waondoke uwanjani, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kuanzia Desemba hadi Machi mechi ianze saa moja asubuhi, si saa nne, na kila kipindi kikatwe katikati kwa ajili ya maji. Kupasha misuli joto kusiwe mizunguko miwili ya kuvuta miguu. Programu ya mazoezi ya FIFA iitwayo 11+, inayochukua kama dakika 20, ilipojaribiwa kwa wasichana wa Norwei katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ilipunguza majeraha kwa jumla kwa takriban theluthi moja.

Kwa ndugu zangu wagonjwa nina maneno machache. Mwenye kisukari anayetumia insulini awe na sukari au juisi kando ya mstari, na mwenzake mmoja ajue kwa nini ipo pale. Akague nyayo zake kabla na baada ya mchezo. Anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo asipime ukali wa zoezi kwa mapigo, maana dawa inayazuia kupanda. Apime kwa mazungumzo, na akishindwa kumaliza sentensi fupi atoke. Anayetumia dawa za kutoa maji mwilini awe mwangalifu zaidi na jua. Mwenye selimundu azungumze kwanza na daktari wake, na hata anayebeba kinasaba kimoja tu asilazimishwe kukimbia mfululizo kwenye joto kali. Mtu mwenye maumivu ya kifua anapopanda ngazi aje kliniki kabla hajaenda uwanjani. Na kwa wale ambao magoti yamekataa, upo mpira wa kutembea, ulioanzia Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011, ambamo anayekimbia ndiye anayepigiwa filimbi. Nimeujaribu. Ni mgumu kuliko unavyosikika, na unachekesha.

Nimeshaambiwa kwamba sheria nyingi zinaua mpira, kwamba raha ya chandimu ni uhuru wake. Wanaosema hivyo wamesahau utoto wao. Sisi tuliocheza na mpira wa nailoni na matambara tulikuwa na sheria kuliko mahakama. Magoli yalikuwa mawe mawili, hivyo kila shuti la juu lilihitaji kikao. Mpira ukiingia kwa jirani mkali, aliyeupiga ndiye anayeufuata. Mdogo kuliko wote hakuruhusiwa kupigwa kwanja, na kaka yake alikuwepo kuhakikisha. Tulizitunga wenyewe kwa sababu tulitaka kesho yake tucheze tena, na wote tuwepo.

Kinachoua mpira wa afya ni zawadi, na hili nalisema nikijua litanipotezea marafiki. Bonanza likitangaza mbuzi, timu ya maveterani huota vijana wa miaka 22 usiku mmoja. Mamluki hao hawamjui fundi seremala wala kliniki yake, wamekuja kushinda. Waliojiunga ili washushe shinikizo la damu huketi benchi wakilinda mabegi. Ligi inayojiita ya afya ihesabu dakika za kila aliyesajiliwa, na timu ambayo haikumpa mtu wake hata robo ya mechi ipokonywe pointi.

Mtaani kwetu tumeanza. Kamati ina watu tisa, wawili wakiwa watumishi wa afya, na mwamuzi wetu ni fundi yuleyule, anayechechemea kidogo lakini hakuna ateleze mbele yake akapona. Vipengele vyote nilivyovitaja vimepita, isipokuwa cha mbuzi. Fundi alitaka afutwe. Wengine walisema abaki, ila achinjwe na kuliwa na timu zote mbili. Nilipoinua mkono kuuliza habari za chumvi na mafuta niliambiwa niketi. Tunakutana tena Jumamosi.