Mambasa: Risasi za kujazia nyumbani si urithi wa mababu

Katika vijiji vingi vya pori la Ituri, mwindaji hatupi ganda la kartushi aliyokwisha kufyatua. Analirudisha nyumbani au analipeleka kwa fundi ili lijazwe tena: fataki, baruti, chembe za risasi, kisha mdomo unazibwa. Kartushi hiyo inaingia katika bunduki ya kalibri 12, na mara nyingi bunduki yenyewe ilitengenezwa kijijini. Mtu akiuliza sababu, jibu ni moja: kartushi mpya ni ghali, na uwindaji ni kazi ya mababu, muiache.

Neno la bei lina ukweli. Neno la mababu ni uongo. Wambuti wa pori hili waliwinda kwa wavu, kwa upinde na kwa mishale, na hata leo wapo wanaowinda hivyo. Wavu haumlipukii mwenyewe usoni. Kujaza kartushi kwa kukisia ni jambo la juzi, na wanaolificha nyuma ya jina la wazee wanalinda biashara yao.

Kwa maana hapa ndipo shida ilipo: baruti hazifanani. Baruti nyeusi inawaka kwa namna yake, na baruti isiyo na moshi ina nguvu nyingine kabisa. Baruti iliyotolewa katika risasi ya kivita haikutengenezwa kwa ajili ya kartushi ya kuwindia. Anayepima kwa kijiko, au kwa jicho tu, hajui ni presha gani itapanda ndani ya mtutu. Ikizidi, chuma kinapasuka, na kilicho karibu na chuma ni vidole, macho na uso wa mwindaji. Ikipungua, kitu kinaweza kukwama katikati ya mtutu bila mwindaji kujua. Anapofyatua mara ya pili, mtutu umekwisha kuzibwa. Na ganda lililotumika mara nyingi linachoka na kupasuka, hata kama kwa nje linang'aa.

Mafundi wanajitetea kwamba hata Wazungu wanajaza risasi wenyewe. Ni kweli, huko Marekani wawindaji wengi wanafanya hivyo, tena ili wapige kwa usahihi zaidi. Lakini wanapima kila kipimo cha baruti kwa mizani inayosoma sehemu ndogo ya gramu. Wanafuata jedwali lililochapishwa na watengenezaji wa baruti hiyo hiyo, wanakagua kila ganda, na bunduki yao ilipimwa kiwandani. Usahihi wao unatoka katika kurudia kitu kile kile bila kubadilisha. Fundi wa kijijini hana mizani, hana jedwali, na leo baruti yake si ile ya jana. Kuiga mkono wa mtu bila kuiga kipimo chake si ufundi.

Siku hizi kuna vijana wanaoota darubini ya kufunga juu ya bunduki, wakiamini kwamba ndiyo itakayomaliza habari ya kukosa. Darubini inakuza kinachoonekana, hainyooshi mtutu uliopinda. Ina faida kwenye bunduki yenye mifereo ndani ya mtutu, inayozungusha risasi moja na kuipeleka mbali mahali pale pale kila mara. Kalibri 12 inatawanya chembe, na nguvu yake inakwisha kwenye mita 30 au 40. Tena katika pori la Ituri mtu haoni mbali kuliko hapo. Pesa ya darubini ingenunua kartushi nzuri kadhaa, na kartushi nzuri moja inaangusha mboloko papo hapo. Ile dhaifu inamjeruhi tu. Mnyama anakimbia, anakufia mbali, anaoza. Familia inalala njaa na pori limepungukiwa bure.

Hata nyama ikifika nyumbani, hesabu haijaisha. Chembe zinazoyeyushwa kutoka betri kuukuu za gari ni madini ya risasi, na moshi wake unapita jikoni wanapokaa watoto. Vipande vidogo vinabaki ndani ya nyama. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama mwilini, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo.

Halafu kuna usalama. Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na watu wa Mambasa wanajua mlio mmoja wa bunduki unafanya nini: mama anabeba mtoto, kijiji kinakimbia. Askari anayemkuta mtu porini na bunduki isiyo na karatasi hana namna ya kumtofautisha mwindaji na muasi.

Lakini lawama zisimwangukie mwindaji peke yake. Sheria ya uwindaji ya 1982 inataja kibali cha uwindaji cha vijijini na hata kibali cha pamoja. Ni wanakijiji wangapi waliowahi kukiona? Sheria ya silaha ya 1985 inataka idhini kwa anayemiliki bunduki na kwa anayetengeneza. Serikali inayoonekana kwenye kizuizi cha barabara tu, wakati wa kutoza nyama ya pori pesa, haiwezi kushangaa watu wakijitengenezea risasi gizani.

Basi kila mmoja achukue sehemu yake. Serikali ilete vibali karibu na kijiji, kwa bei ambayo mkulima anaiweza, na ieleze wazi mipaka ya Hifadhi ya Okapi na wanyama wasioguswa, okapi akiwa wa kwanza. Machifu wakataze kuuza kartushi zilizojazwa, kwa sababu anayejaza anapata pesa na anayefyatua ndiye anayepoteza mkono. Na wawindaji wenyewe waurudie wavu pale unaporuhusiwa. Huo ndio urithi waliouacha mababu, na haujawahi kumpofusha mtu jicho.