Pindo, Mji na Jina: Kadi ya Idi kwa Mikono Yetu



Kila ikaribiapo Idi, wengi wetu huku ughaibuni hununua kadi za dukani zenye ngamia na taa za jangwani, tukazituma kwa bibi aliyeko Unguja au Mombasa. Kadi hizo hazina ubaya, ila hazisemi lolote juu yetu. Ilhali zipo zana katika intaneti, tena za bure, ambazo mzazi na mtoto wanaweza kuzitumia wakatengeneza kadi, mwaliko wa arusi au chati ya madrasa yenye sura ya kwetu.

Zana hizo ni za namna mbili. Ya kwanza ni programu unayoipakua ikawa yako bila malipo yoyote. Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, ni ya kuchora kwa mistari. GIMP, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1995 kwa wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, ni ya kusahihisha picha. Namna ya pili hufanya kazi ndani ya mtandao wenyewe, mfano Canva, iliyozinduliwa Australia mwaka 2013. Hii ina violezo tayari, na ni nyepesi kwa anayeanza. Lakini rahisi inavunja upishi: anayechukua kiolezo kama kilivyo atapata kadi iliyo sawa na ya maelfu ya watu wengine.

Kiolezo chetu sisi kipo kabatini: ni kanga. Kanga ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yake, karibu na pindo la chini. Mpangilio huo huo unafaa kadi. Katika Inkscape, mtoto achore korosho moja tu. Ainakili, kisha abonyeze herufi H ili nakala igeuke kulia na kushoto, au V ili igeuke juu na chini, na aisogeze mahali pake. Kwa korosho moja atapata pindo zima, na papo hapo atakuwa amejifunza ulinganifu wa maumbo anaofundishwa skuli. Jina la kadi na alitunge mwenyewe kwa Kiswahili. Akikwama, amuulize mama yake.

Sasa tuzungumzie jambo linalotaka hadhari kubwa. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo kwa kadiri ya mahali zilipo katika neno. Programu isiyoujua mwandiko huo huzitenganisha herufi na kuzipanga kuanzia kushoto, neno likaharibika kabisa bila asiyesoma Kiarabu kutambua. Basi tumieni fonti iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, kama Amiri ya Khaled Hosny, ambayo ni ya bure na imefuata herufi za matbaa ya Bulaq, Cairo, za mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, nakala moja isomwe na mwalimu, herufi kwa herufi, kabla ya kuchapa mia. Na kwa maoni yangu, aya ni bora iwekwe katika pambo la ukutani kuliko katika mwaliko utakaotupwa jaani baada ya arusi.

Si kila picha inayoonekana mtandaoni ni halali kuichukua. Nyingi zina wenyewe. Lakini mwezi wa Februari 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliruhusu zaidi ya picha 375,000 zitumiwe na yeyote, bila malipo wala kuomba idhini. Humo mna mihirabu ya vigae kutoka Isfahan, inayotosha kumfunza mtoto nakshi kwa mwezi mzima.

Kabla ya kuchora, chagueni ukubwa wa karatasi. A4 ya Uingereza na Ghuba ni milimita 210 kwa 297, na karatasi ya Marekani ni 216 kwa 279. Ukikosea, pindo litakatwa. Picha nayo iwe na nukta 300 kwa kila inchi. Na itakayotolewa fotokopi ichorwe kwa mistari myeusi, kwani rangi hafifu hupotea.

Mwisho, neno "bure" lina masharti yake. Ukiombwa nambari ya kadi ya benki kwa ajili ya majaribio, fahamu kwamba siku za majaribio zikiisha huenda ukakatwa fedha. Akaunti iwe ya mzazi, na picha za watoto wenye sare za skuli zisipandishwe huko.

Bibi atakapoipokea kadi yenye pindo, mji na jina, hatahitaji kuambiwa imetoka kwa nani.

Wabillahi tawfiq.